Hodi Mbili Kutoka Chini ya Ardhi

Vijana wangu, mkiniona natembea taratibu, nikishusha kisigino kwanza halafu vidole, msidhani ni uzee peke yake. Uzee umechangia, sikatai. Lakini mwendo huu nilifundishwa kazini nikiwa na nguvu zangu zote, na kwa miaka mingi nililipwa mshahara ili nisikanyage kwa kishindo. Wenzangu wa rika langu walisifiwa kwa kucheza ngoma mpaka vumbi likafunika miti. Mimi nilisifiwa kwa kutosikika.

Nilikuwa mlinzi wa mashine ya tetemeko. Si mashine ya kutikisa ardhi, kama watu wa Kharumwa walivyoamini mwanzoni wakawa wananiletea malalamiko kila ukuta wa nyumba ulipopasuka. Ilikuwa mashine ya kusikiliza. Iliwekwa chini ya kilima cha mawe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kharumwa, katika miaka ile ya hamsini, wakati dhahabu ya Geita ilikuwa ikichimbwa na wazungu na sisi tukibeba mawe yake.

Kijumba chake kilichimbwa nusu ndani ya ardhi. Ngazi tatu za kushuka, mlango, pazia jeusi, mlango wa pili, kisha giza totoro mchana kutwa. Katikati palijengwa nguzo fupi ya saruji iliyoshikana na mwamba wenyewe. Juu yake kulining'inia uzito wa chuma kwenye waya mwembamba. Ardhi ikitikisika, nguzo huenda nayo, lakini uzito ule ni mvivu, hubaki nyuma. Ulibeba kioo kidogo sawa na ukucha wangu. Taa ilikipiga kioo, na kioo kikatupa nukta ya mwanga juu ya karatasi ya picha iliyovishwa silinda inayozunguka polepole. Ardhi ikitulia, nukta huchora mstari ulionyooka. Ikitikisika, hata kwa kiasi chembamba kuliko unywele, mstari huvunjika.

Kila asubuhi saa mbili niliingia, nikatoa karatasi ya jana, nikavisha mpya, nikatoka. Nje ya wakati huo hakuna mtu kuingia, hata mimi. Amri hiyo iliandikwa mlangoni kwa lugha tatu, na aliyekuwa pale kuisoma ni mimi peke yangu.

Aliyeniajiri alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, aliyekaa Shinyanga na kuja kwa Landrova kila Alhamisi. Watu walimwita Bwana Kimya, kwa sababu neno la kwanza alilowaambia wenyeji baada ya salamu lilikuwa hilo. Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, nacho kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye Kisukuma juzi tu, na nilipomsalimia asubuhi "Mwangaluka, Bwana," alinijibu "Hujambo, Shija, umeamkaje?" kama mwalimu wa madrasa. Tulichekana moyoni, kila mmoja kwa sababu yake.

Kusoma ile karatasi ndiko kulikonichukua muda. Mwezi wa kwanza nilimpelekea habari Bwana Kimya kwamba kuna tetemeko kila jioni, tena kwa saa ileile, tena linaanza pole na kuongeza kasi. Alikuja mbio kabla ya Alhamisi, jambo ambalo hakulifanya tena mpaka siku nitakayowaeleza. Akakaa nami mpaka jioni. Saa ilipofika, tukasikia nyuma ya kijumba: du, du, du. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anatwanga mtama. Kinu kikahamishiwa ng'ambo ya kilima, na mpaka leo Mama Kulwa akitaka kunishinda katika ubishi anakitaja kinu kile.

Polepole nikajua kila kitu kwa alama yake. Ng'ombe wakienda kunywa maji huacha ukungu mwembamba kwenye mstari, usio na mwanzo wala mwisho. Alama ya lori hupanda na kushuka. Baruti za mgodini upande wa Geita, ambazo zililipuliwa jioni, hupiga mara moja kwa ukali na kwisha. Wakati wa mavuno, Bagika na Bagalu waliposhindana ngoma, karatasi nzima ilikuwa kama imekwaruzwa na kuku, na ningeweza kukuambia kundi lipi lilikuwa na wachezaji wazito. Lakini tetemeko la mbali ni kitu kingine kabisa. Halina papara. Linabisha hodi, linanyamaza kidogo, kisha baada ya dakika kadhaa linakuja wimbi la pili, kubwa, la kuyumba, kama mzee anayeingia nyumbani kwake mwenyewe.

Siku moja nilimwuliza Bwana Kimya mawimbi hayo yanapita wapi. Nilidhani yanatambaa juu ya nchi, kama moto wa nyika. Akachutama, akachora duara mchangani.

"Yanapita ndani," akasema. "Hapa juu pana ganda tunalolikanyaga. Ni jembamba. Chini yake lipo koti la dunia, mwamba wa moto lakini mgumu, karibu maili elfu mbili. Kisha kiini. Tetemeko likitokea huku, wimbi linazama ndani ya koti, linajikunja, linapanda mpaka kwako."

"Chini ya miguu yangu hii?"

"Chini ya hiyo miguu, Shija. Hakuna mchimbaji atakayefika huko. Wimbi tu ndilo linalokwenda na kurudi, nalo hutuambia lilikopita."

Nilitazama miguu yangu. Nawaambia kweli, sikupenda kuikanyagia ardhi siku ile. Nilikua nikijua kwamba chini kuna maji, na chini ya maji kuna mawe, na kwa wachimbaji kuna dhahabu, basi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba chini kunaendelea. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja, na hisia ile sikuipata tena mahali pengine, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Wataalamu wakati ule walikuwa wakibishana kuhusu hilo koti. Je, ni kitu kimoja toka juu mpaka chini, au lina matabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna mpaka? Bwana Kimya aliamini mpaka upo, mamia ya maili chini. Mimi sikuelewa utajuaje mpaka wa mahali usipoweza kufika. Akaniuliza swali la ajabu.

"Wakati wa masika, ukitoka hapa kwenda Kahama, unapita wapi?"

"Sikati mbuga, Bwana. Ule udongo mweusi utanishika miguu. Nazunguka kwanza mpaka barabara ya changarawe, ndipo nikaze mwendo."

"Na mwenzako akikata mbuga?"

"Akiwa haendi mbali atanitangulia. Akiwa anakwenda mbali, atanikuta nimeshakunywa chai."

"Na pale katikati? Mahali ambapo si karibu wala si mbali?"

Nikafikiri. "Pale tutafika karibu pamoja. Mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo."

Akapiga paja lake. "Basi wimbi nalo ni hivyo! Kama chini kabisa pana mwamba mgumu zaidi, huo ndio barabara yake ya changarawe. Wimbi linalozama mpaka huko hukaza mwendo. Kwa tetemeko la umbali fulani, wasafiri wawili watafika mmoja baada ya mwingine, kwa sekunde chache. Siku utakayoona hodi mbili badala ya moja, Shija, tutajua barabara ipo."

Kwa hiyo nikawa nangoja hodi mbili. Na hapa lazima niwaeleze umuhimu wa saa, maana vijana wa leo mnaamini saa hujiendesha yenyewe. Saa ya mashine ilifuata Griniwichi, saa ya ofisi ilifuata serikali, na saa ya kichwani mwangu ilianza kuhesabu jua linapochomoza. Wiki yangu ya kwanza niliandika zote tatu kwenye ukurasa mmoja. Mhindi mmoja fundi saa wa Shinyanga, Fundi Ramji, ndiye aliyeninyoosha. Nilimpelekea saa ya mashine baada ya mimi mwenyewe kujaribu kuirekebisha kwa kisu. Aliifungua, akaitazama, akanitazama.

"Saa ikikosea usiipige, usiibembeleze," akasema. "Andika imekosea kiasi gani. Saa mbovu unayojua ubovu wake ni saa nzuri."

Tangu hapo kila siku nilisikiliza milio ya saa redioni, nikaandika kosa la saa yangu, sekunde na sehemu yake. Ukurasa wa makosa ndio uliokuwa safi kuliko kurasa zote za daftari lile.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Kwanza mjue desturi, maana wengine mmezaliwa mjini. Kwetu, zamani zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakukutana ovyo. Ukimwona njiani unatoka njiani. Humkazii macho, humpi mkono, huketi naye. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo tuliibeba mgongoni kama mzigo wa kuni. Nilikuwa nimeoa miaka miwili, Kulwa na Dotto walikuwa wamezaliwa karibuni, na mama mkwe hakuwa amewahi kufika kwangu.

Asubuhi ile, kama saa nne hivi, nilikuwa nimefua suruali yangu moja na shati langu moja, vimeanikwa juu ya jiwe. Mimi mwenyewe nimejifunga kitambaa kiunoni, kidogo mno, nafagia mbele ya kijumba cha mashine. Nikainua kichwa. Mama mkwe alikuwa kwenye kipinda cha njia, hatua ishirini, ana kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kichwani, anakuja kuwaona wajukuu.

Kushoto mawe. Kulia mawe. Nyumba yangu ilikuwa ng'ambo yake. Mbele yangu kulikuwa na shimo moja tu duniani. Niliruka ngazi zote tatu kwa pamoja, nikafungua mlango, pazia, mlango wa pili, nikajifungia ndani na mashine.

Nilisimama gizani nimeshika pumzi. Nikamsikia anafika. Nikangoja apite. Hakupita. Alikuwa amechoka, yule mama, akaona kivuli kizuri cha ukuta, akatua kikapu na kuketi, akaanza kuimba pole pole ule wimbo wao wa kupalilia.

Macho yalipozoea giza niliitazama nukta ya mwanga. Vijana, ilikuwa inacheza.

Mpaka siku ile nilikuwa nimeona matetemeko mamia, yote yamekufa, yote yamelala kwenye karatasi ya jana. Hili lilikuwa hai. Nukta ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikatulia, ikaenda tena. Nilifikiri ni moyo wangu. Nikajibana kwenye ukuta, sikutikisa hata kidole. Zikapita dakika, kama tatu na zaidi. Kisha likaja wimbi la pili, la kuyumba, na nukta ikafagia upana mzima wa karatasi, huku na huku, bila sauti yoyote. Mahali fulani mbali sana nchi ilikuwa imepasuka, na habari yake ilikuwa imezama mamia ya maili, ikapita ndani ya mwamba ambao hakuna jicho litakaloona, ikapanda, na sasa ilikuwa inapita ndani yangu mimi niliyejifunga kitambaa. Na juu yangu mama mkwe wangu alikuwa akiimba, naye anabebwa na mawimbi yaleyale, bila kujua. Machozi yalinitoka. Nilitamani nipige kelele nimwite aje aone, lakini ningemwitaje?

Alipokwenda nyumbani nilitoka, nikavaa nguo zangu zikiwa mbichi.

Kesho yake niliiosha karatasi kwenye dawa, chini ya taa nyekundu. Mstari ukajitokeza, na pale mwanzo wa tetemeko palikuwa na hodi. Kisha, sekunde chache mbele, hodi ya pili.

Bwana Kimya alipoiona ile Alhamisi hakuwa kimya tena. Alipima kwa rula, akapima tena, akanikumbatia. Tetemeko lilitoka upande wa Bahari ya Shamu, umbali uleule aliokuwa akiutaka. Wasafiri wawili! Alisema ataandika ripoti, atakuja nayo wiki ijayo ili kuifungasha pamoja na karatasi, na ofisi kuu itaipeleka kwa wataalamu wa ulimwengu. Nami nilicheka naye. Habari ya kuruka kwangu sikuitaja.

Mnaona, mimi sikujua niliruka lini. Nilipotua, je, hodi ya kwanza ilikuwa imeshapiga? Na ile ya pili, ilikuwa barabara ya changarawe iliyo chini ya dunia, au ilikuwa kisigino changu? Wiki nzima nilijiambia ni dunia. Wiki nzima nilipokanyaga nilisikia kishindo. Kibarua kile ndicho kilichokuwa nyumba yetu na chakula cha mapacha, na kuingia kijumbani nje ya saa ilikuwa kufukuzwa, hakuna mjadala. Mama Kulwa aliona silali sawasawa, akanibana nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Baba Kulwa, yule Bwana atauambia ulimwengu wote kuhusu mguu wako?"

"Labda si mguu wangu."

"Na kama ni wenyewe?"

"Tutafukuzwa hapa, Mama Kulwa. Na watoto hawa?"

Akawatazama watoto. "Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe siku ile ulikuwa uchi kweli. Mwambie."

Alhamisi ilifika. Bwana Kimya akaweka ripoti juu ya boneti ya gari, akawa anajaza fomu ya mwisho. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa kuandika kelele za watu karibu na mashine. Hakuniuliza. Aliandika "hakuna" kwa mkono wake mwenyewe, akaendelea kwenye mstari unaofuata, kwa jinsi alivyoniamini. Hapo nilishindwa kuvumilia.

"Bwana, futa hilo neno."

"Lipi?"

"Hakuna. Nilikuwepo. Nilikuwa ndani."

Nikamweleza yote, kitambaa, michembe na wimbo wa kupalilia. Hakucheka hata kidogo. Uso wake ulishuka kama hema lililokatwa kamba. Akaenda akakaa juu ya jiwe, akawasha kiko, kikazimika, akakiacha. Nilisimama nikingoja aniambie nifungashe virago.

Hatimaye akasema, "Twende ukaruke tena."

Siku ile niliruka ngazi zile mara saba, na kila mara alitaka zaidi. "Hukuruka hivi," alisema. "Hivi ni kuruka kwa mtu anayetumwa. Uliruka kwa hofu." Mwishowe Mama Kulwa akatumwa kwa mama yake, ambaye bado alikuwa mgeni wetu, kumwomba atokeze kwenye kipinda cha njia. Mama mkwe alipoelezwa sababu alisema hajasikia upuuzi wa namna hiyo tangu azaliwe, na kwamba hatapita mahali ambapo mkwewe anamngoja. Akabembelezwa. Akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi niwe nimevaa suruali. Alipojitokeza na kikapu chake niliruka vizuri kabisa, bila kuambiwa na mtu.

Tuliiosha karatasi. Mwili mzima ukidondoka hulaza sakafu kidogo, na ule uzito mvivu huyumba pole, kama kwa jambo kubwa. Alama ya mguu wangu na ile hodi ya pili hazikuwa sawa kabisa, lakini hazikutofautiana vya kutosha. Bwana Kimya aliziweka pamoja, akazipima kwa rula.

"Siwezi kuapa," akasema. "Na kama siwezi kuapa, haifai."

Ripoti ilikwenda bila ile karatasi, ikieleza na sababu. Barua ya ofisi kuu ikarudi ikisema mlinzi aondolewe, atafutwe mwingine. Bwana Kimya aliwajibu kwamba atamtafuta, na kwa miezi mingi akawa anatafuta mtu mahali ambapo hapakuwa na watu. Nami nikaendelea na kazi nikijua ninaifanya kwa kuazima. Mama mkwe, kila alipokuja, alisimama chini ya kilima akaita kwa sauti mpaka ajibiwe ndipo apande. Kwa hilo nilimshukuru, kupitia kwa binti yake.

Msijidanganye kwamba nilikuwa shujaa. Nililia ile hodi ya pili kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho wataalamu walikitafuta, nikakitia mguu. Kama ningekuwa na suruali ya pili, nilijisemea, dunia ingejulikana.

Mavuno yakapita, Bagika wakawashinda Bagalu, mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi moja niliiosha karatasi ya jana kama kawaida, chini ya taa nyekundu. Mstari ukatokea. Hodi. Kisha, sekunde chache mbele, hodi ya pili. Nikachukua rula, nikapima nafasi kati yake, nikapima mara tatu. Ilikuwa ileile; kumbe kishindo changu cha siku ile kilikuwa kimemezwa na mtikisiko wenyewe. Halafu dakika zilezile, kisha lile wimbi la kuyumba. Ardhi ilikuwa imepasuka tena mahali palepale, na wasafiri walewale wawili walikuwa wamekuja kwa njia zao mbili.

Nilimpelekea habari Bwana Kimya kwa lori la pamba. Alikuja siku hiyohiyo, gari limejaa matope. Hakusalimia. Alipima, akakaa chini kwenye majani yaliyoloa, karatasi mapajani. Kisha akaniuliza lile swali moja ambalo hakuniuliza mara ya kwanza.

"Shija, jana uliingia?"

"Saa mbili, Bwana. Baada ya hapo sikuingia."

"Nani alikuwepo akakuona?"

"Hakuna. Mama Kulwa alikuwa shambani na watoto. Nilikuwa peke yangu."

Akanitazama. Sikuwa na shahidi, wala kiapo, wala rula ya kupimia neno langu. Akaandika kwenye fomu kwamba mlinzi hakuingia. Akaambatanisha na ile karatasi ya kwanza pia, na karatasi ya mguu wangu, na maelezo yote, kikapu cha michembe kikiwemo. Akaniambia huenda ofisi kuu wakasema mtu aliyeingia mara moja ataingia mara mbili, na nisijipe matumaini sana.

Tulingoja wiki nyingi. Nilifanya kila kitu kwa saa yake. Kila nilipopita karibu na kijumba nilivua viatu.

Siku jibu lilipokuja haikuwa Alhamisi. Landrova ilipanda kilima asubuhi, saa mbili haijafika bado, nami nilikuwa mlangoni na karatasi mpya mkononi. Bwana Kimya alishuka, akatoa barua mfukoni, akanifasiria maneno ya mkubwa wa ofisi kuu, ambaye sikumwona maishani mwangu. Aliandika kwamba hodi mbili zimekubaliwa, zitapelekwa kwa wataalamu pamoja na hesabu za kina cha ule mpaka. Kisha aliandika habari yangu. Mtu huyu, alisema, alituambia kosa lake wakati hakuna aliyemwuliza, na akijua litamtoa kazini. Akisema hakuingia, basi hakuingia. Abaki.

"Nisomee tena," nilisema. Akanisomea tena.

Saa mbili ikafika. Nikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, nikasimama. Nikapanda tena, nikakaa juu ya jiwe mpaka mwili utulie. Karatasi ya siku ile ilichelewa kubadilishwa dakika ishirini, na kwenye daftari, mahali pa kueleza sababu, niliandika: mlinzi alikuwa analia.